Boston Haikufilisika: Jinsi Kikosi cha NBA Kinavyojengwa na Sababu ya Bingwa Kuvunjwa

Kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai 2025, mashabiki wa mpira wa kikapu jijini Kampala walibishana juu ya jambo ambalo kwa haraka halikuingia akilini. Boston Celtics, mabingwa wa NBA wa 2024, walimpeleka Jrue Holiday Portland na Kristaps Porziņģis Atlanta, Luke Kornet akasaini San Antonio, na baadaye mkongwe Al Horford akaelekea Golden State. Watu wanne waliobeba kombe lile waliondoka ndani ya miezi michache, na hayo yalitokea mwaka uleule ambao klabu yenyewe iliuzwa kwa dola bilioni 6.1. Kwenye viti vya uwanja wa Lugogo wakati wa mapumziko, na miongoni mwa wale wanaoamka saa tisa usiku kutazama mechi za Marekani, maelezo yaliyotawala yalikuwa mawili: kwamba wamiliki wapya ni wabahili, au kwamba wachezaji walikuwa hawapatani.

Maelezo yote mawili yanatokana na mazoea ya soka. Wengi wetu tuliingia katika mpira wa kikapu tukiwa tayari mashabiki wa Arsenal, Manchester United au Chelsea, na huko tulizoea kwamba klabu yenye fedha hulipa ada ya uhamisho, hukubaliana na mchezaji kuhusu mshahara, na mambo yakaishia hapo. Katika NBA timu moja hailipi nyingine ada ya uhamisho. Zipo fedha taslimu zinazoweza kuongezwa katika mabadilishano ya wachezaji, lakini zimewekewa kiwango kidogo ambacho hakimnunui nyota yeyote. Kinachohama ni mkataba, pamoja na mshahara uliomo na miaka iliyobaki, na mkataba huo lazima upate nafasi chini ya mistari ambayo ligi imechora. Anayeifahamu mistari hiyo huweza kusoma karibu kila habari ya usajili bila kusingizia ubahili wala ugomvi.

Mistari yenyewe

Tuanze na idadi ya watu, kwa kuwa ni rahisi. NBA ina timu 30, na kila timu inaruhusiwa wachezaji 15 wenye mikataba ya kawaida, pamoja na watatu wenye mikataba inayoitwa ya njia mbili. Mchezaji wa njia mbili hugawa msimu wake kati ya timu kubwa na timu ya G League, ambayo ni ligi ya maendeleo. Hawezi kuwamo katika orodha ya timu kubwa kwa zaidi ya mechi 50, na mshahara wake, ambao ni mdogo, hauhesabiwi katika bajeti ya timu. Waganda wengi wameuona mkataba huu ukifanya kazi bila kujua jina lake: Ishmail Wainright, aliyeichezea Silverbacks, timu ya taifa ya Uganda, katika AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, ya Kigali mwaka 2021, aliingia NBA mwaka huohuo kupitia mlango huo, akiwa na Phoenix Suns.

Sasa fedha. Mstari wa kwanza ni kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo ligi inataka mishahara ya timu isiipite. Kwa msimu wa 2025-26 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 154.6, sawa na zaidi ya shilingi bilioni 500 za Uganda. Hakuna mtu anayekaa ofisini akakikisia. Hutokana na mapato ya ligi nzima, ambayo kwa makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji hugawanywa karibu nusu kwa nusu. Mapato ya televisheni yakipanda, kikomo hupanda, ingawa sasa hakiruhusiwi kupanda kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Sharti hilo la asilimia 10 lina historia yake. Mwaka 2016 kikomo kiliruka kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94 kwa mpigo, na Golden State, timu iliyotoka kushinda mechi 73 katika msimu mmoja, ikajikuta ina nafasi ya kumsajili Kevin Durant. Ligi haikutaka kuyaona hayo tena.

Mstari wa pili, uliokuwa dola milioni 187.9 msimu huo, ni wa kodi ya anasa. Timu inayouvuka hutozwa na ligi kwa kila dola iliyozidi, na kiwango hupanda ngazi kwa ngazi kadiri ziada inavyokua, huku timu zinazouvuka mwaka hadi mwaka zikitozwa zaidi. Sehemu ya fedha hizo hugawiwa timu ambazo hazikuvuka, kwa hiyo anayelipa anawanenepesha wapinzani wake. Juu zaidi kuna mistari miwili inayoitwa aproni: msimu huo ya kwanza ilikuwa dola milioni 195.9, na ya pili dola milioni 207.8. Upo pia mstari wa chini, asilimia 90 ya kikomo, ambao timu haipaswi kuwa chini yake, ili mmiliki asije akaendesha timu kwa wachezaji wa bei nafuu na kuweka faida mfukoni.

Wengi hudhani kikomo ni ukuta. Kingekuwa ukuta, timu isingeweza kuwa na mishahara ya dola milioni 190 wakati kikomo ni milioni 154. Ukweli ni kwamba tangu kilipoanza kutumika msimu wa 1984-85, kikiwa dola milioni 3.6 tu, kikomo hiki kimekuwa na milango, na mlango mkubwa kuliko yote umepewa jina la Larry Bird, aliyekuwa nyota wa Boston hiyohiyo. Haki za Bird humwezesha mchezaji aliyekaa miaka mitatu bila kuhama timu kama mchezaji huru, yaani aliyemaliza mkataba, kusainiwa upya na timu yake hata kama timu imeshavuka kikomo, kwa mkataba wa hadi miaka mitano na nyongeza ya asilimia 8 kwa mwaka. Timu nyingine ikimtaka, haiwezi kumpa zaidi ya miaka minne na nyongeza ya asilimia 5. Akibadilishwa kabla mkataba haujaisha, haki hizo humfuata kwenye timu mpya.

Mtu aliyewahi kukaa katika kamati ya harusi ataelewa upesi. Ukumbi ni wa watu 300, na ukishajaa hakuna kadi tena kwa mgeni wa nje. Hata hivyo hakuna mlinzi wa mlangoni anayethubutu kumrudisha ssenga, yaani shangazi, wa bibi harusi. Watu wa nyumbani huingia hata ikibidi waketi kwenye mikeka. Kamati yenye busara kwa hiyo hugawa kadi za wageni wa nje mapema, viti vikiwa bado vipo, na watu wa nyumbani huingia mwisho. Ndivyo timu za NBA zifanyavyo kila Julai: husajili wachezaji huru kutoka nje kwanza, kisha huwasaini upya wa kwao. Ligi inaujua ujanja huo, na ndiyo maana kila mchezaji wa nyumbani ambaye bado hajasaini huwekewa kiwango cha muda kinachohesabiwa katika kikomo mpaka timu imsaini au imwachie moja kwa moja.

Ipo milango mingine midogo. Timu iliyovuka kikomo inaweza kumwajiri mchezaji huru kwa fungu maalumu ambalo msimu wa 2025-26 lilikuwa takriban dola milioni 14.1, mradi ibaki chini ya aproni ya kwanza; ikiwa kati ya aproni mbili, fungu hilo hushuka hadi milioni 5.7, ikiwa juu ya aproni ya pili, halipo kabisa, na kilichobaki ni mikataba ya kima cha chini. Hapo ndipo tofauti kati ya kodi na aproni inapoonekana. Kodi humuumiza mmiliki mfukoni, na tajiri anaweza kuamua kuumia. Aproni ya pili humfunga mikono meneja mkuu, na fedha haziwezi kumfungua.

Karatasi ya Boston

Tuichukue sasa karatasi ya mishahara ya Boston ya 2025-26 jinsi ilivyokuwa kabla ya mabadilishano. Jayson Tatum alikuwa anaanza mkataba mpya wa miaka mitano wenye thamani ya takriban dola milioni 314, na mwaka wake wa kwanza ni dola milioni 54.1. Kiasi hicho hakikutokana na mabishano ya mawakala. Ligi imeweka mshahara wa juu kabisa kuwa asilimia 25, 30 au 35 ya kikomo kulingana na miaka ambayo mchezaji ameitumikia ligi, na asilimia 35 ni ya wenye miaka kumi au zaidi, isipokuwa kwa wale wachache waliopata tuzo kubwa na kubaki na timu yao, ambao hufika huko mapema. Tatum ni mmoja wao. Jaylen Brown, kwa njia hiyohiyo, alikuwa na milioni 53.1. Holiday alikuwa na milioni 32.4, Porziņģis 30.7 na Derrick White 28.1.

Jumlisha: wachezaji watano, dola milioni 198.4. Kabla ya kuifikia aproni ya pili zinabaki milioni 9.4, na kikosi bado kinadai watu wasiopungua tisa. Payton Pritchard na Sam Hauser peke yao walikuwa na mikataba inayofikia takriban milioni 17. Maana yake ni kwamba watu saba walitosha kuivusha timu mstari wa mwisho, na kwa jinsi kodi inavyopanda, makadirio ya wakati ule yalionyesha kwamba kukibakisha kikosi chote kungegharimu, mishahara na kodi kwa pamoja, zaidi ya dola milioni 500 kwa msimu mmoja.

Tuseme mmiliki amekubali kulipa. Timu iliyo juu ya aproni ya pili haiwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja wa bei kubwa, haiwezi kupokea mshahara unaozidi ule iliotoa hata kwa dola moja, na haiwezi kuongeza fedha taslimu katika mabadilishano. Chaguo lake la raundi ya kwanza la miaka saba mbele, yaani haki ya kuchagua mchezaji mpya katika drafti nitakayoieleza hapa chini, hugandishwa lisiweze kutumika kama malipo, na timu ikiendelea kuwa juu ya mstari kwa miaka miwili zaidi katika minne inayofuata, chaguo hilo hushushwa hadi mwisho wa raundi. Yote hayo Boston ingeyabeba kwa ajili ya msimu ambao Tatum, aliyekatika mshipa wa kisigino tarehe 12 Mei 2025 katika mechi dhidi ya New York, alitarajiwa kuukosa sehemu kubwa kama si wote. Tukiwa na karatasi hiyo mkononi, swali linabadilika: je, kuna meneja ambaye angefanya vinginevyo?

Hapa niseme ninachokiona kama shabiki. Sheria hii, iliyoanza kufanya kazi chini ya makubaliano ya 2023, ilitungwa ili tajiri asikusanye nyota kutoka kila upande. Lakini Tatum na Brown hawakukusanywa; Boston iliwachagua wakiwa vijana wa miaka 19, ikawalea, ikawavumilia waliposhindwa, na sasa inaadhibiwa kwa kuwa walifaulu. Ningependa kuona sehemu ya mshahara wa mchezaji aliyelelewa na timu tangu drafti ikiondolewa katika hesabu ya aproni. Wachezaji wenyewe wasingekuwa na sababu ya kulipinga pendekezo hilo.

Kinachobadilishwa hasa ni nini

Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa mbili asubuhi kwa saa za Kampala, ilitoka habari kwamba Dallas imempeleka Luka Dončić Los Angeles Lakers na kumpokea Anthony Davis, Max Christie na chaguo la raundi ya kwanza la 2029. Wengi walidhani akaunti ya mwandishi aliyeitoa, Shams Charania, imedukuliwa. Ubishi uliofuata ulihusu kipaji: nani anamlinganisha Dončić, aliyekuwa na miaka 25, na Davis aliyekaribia 32? Ubishi huo ni halali, na mimi nilikuwa upande wa walioshangaa. Lakini tazama mishahara ya msimu ule: Dončić dola milioni 43.0, Davis milioni 43.2. Timu zilizo juu ya kikomo haziwezi kupokea mshahara bila kutoa unaokaribiana nao, na kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mabadilishano yanapaswa kutimiza ni ulinganifu wa mikataba. Kipaji kinakuja baadaye.

Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza habari zinazowakera watu zaidi, pale mchezaji mzuri anapobadilishwa kwa mwingine ambaye hamfikii. Katika habari ya Holiday, Boston ilimpokea Anfernee Simons, mfungaji mzuri ambaye ulinzi wake si wa kusifiwa. Holiday alikuwa amebakiza miaka mitatu na takriban dola milioni 104. Simons alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa milioni 27.7. Ukipima kwa ulinzi, Boston ilipata hasara. Ukipima kwa miaka, ilijiondolea deni la misimu miwili. Mkataba unaokaribia kuisha una thamani yake katika NBA hata kama mwenye nao haonekani uwanjani, na shabiki anayeangalia pointi na ribaundi pekee hataiona thamani hiyo.

Jambo jingine linalochanganya ni ridhaa ya mchezaji. Katika soka mchezaji akikataa, dili limekufa. Katika NBA mchezaji haulizwi, isipokuwa ana kifungu cha kukataa mabadilishano, na kifungu hicho hutolewa tu kwa mwenye miaka minane katika ligi ambaye minne kati yake ameitumikia timu hiyo. Ni wachache mno wanaokipata. Bradley Beal alikuwa mmoja wao, na Phoenix inakijua kifungu hicho kwa uchungu. Timu hiyo iliwaweka pamoja Durant, Devin Booker na Beal, ikavuka aproni ya pili, ikafungiwa milango yote niliyoieleza, ikafungwa 4-0 na Minnesota katika raundi ya kwanza ya 2024, na mwaka uliofuata haikufika hata hatua ya mtoano. Ilipotaka kujinasua, Beal hakuweza kupelekwa asikotaka. Mwishowe mkataba wake ulivunjwa kwa malipo, naye Durant akaenda Houston. Huo ndio mfano ninaompa kila anayesema kwamba timu yenye fedha hununua ubingwa. Mwingine ni Clippers ya Los Angeles: Steve Ballmer, mmoja wa watu matajiri zaidi duniani, amekuwa mmiliki wao tangu 2014, na hadi 2025 walikuwa hawajawahi kucheza fainali ya NBA.

Drafti, na subira

Upande wa pili wa ujenzi ni drafti, ambayo ni utaratibu wa kila mwaka wa timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, katika raundi mbili. Timu dhaifu hutangulia, lakini zamu za mwanzo hupangwa kwa bahati nasibu kati ya timu 14 ambazo hazikufika mtoano. Wapo wanaoamini kwamba timu ikifungwa makusudi itapata mchezaji bora, na zamani hilo lilikaribia kuwa kweli. Kuanzia 2019 timu tatu za mwisho zilipewa kila moja uwezekano wa asilimia 14 wa kupata zamu ya kwanza, na iliyo ya mwisho kabisa iliweza kuteleza hadi nafasi ya tano. Mwaka 2025 Utah, iliyoshinda mechi 17 tu, iliteleza hadi hapo, na zamu ya kwanza ikaenda Dallas iliyokuwa na asilimia 1.8. Ndivyo timu iliyomwachia Dončić mwezi Februari ilivyomchagua Cooper Flagg mwezi Juni, jambo ambalo liliwapa kazi ya mwaka mzima wanaoamini kwamba kila kitu kimepangwa.

Thamani ya drafti haiko kwenye kipaji peke yake. Mchezaji wa raundi ya kwanza husaini mkataba wa hadi miaka minne kwa mshahara uliopangwa tayari, na kama ni mzuri, kwa miaka hiyo timu inapata kazi ya mamilioni kwa bei ya chini. Katika mechi ya tano ya fainali ya 2025, Jalen Williams wa Oklahoma City alifunga pointi 40. Mshahara wake wa msimu ule ulikuwa takriban dola milioni 4.8. Ukiweka hiyo milioni 4.8 kando ya milioni 54 za Tatum, utaona kwa nini Oklahoma City ilikuwa na kikosi kirefu kuliko wengine wote bila kuvuka mstari wowote wa hatari.

Haki ya kuchagua ni mali inayobadilishwa kama mkataba, hata kama kijana mwenyewe bado yuko shule ya sekondari. Brown na Tatum walifika Boston kutokana na machaguo ambayo Brooklyn ilitoa mwaka 2013 ili kuwapata Kevin Garnett na Paul Pierce, nyota waliokuwa wanaelekea ukingoni. Ligi imeweka kinga dhidi ya wendawazimu uliokithiri: timu haiwezi kujiacha bila chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana, sheria iliyopewa jina la Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliyegawa machaguo yake bila hesabu.

Aliyeielewa mali hiyo kuliko wote ni Sam Presti, meneja mkuu wa Oklahoma City. Mwaka 2019 alimwachia Paul George aende Clippers, naye akapokea Danilo Gallinari, kijana aliyekuwa amecheza msimu mmoja tu aitwaye Shai Gilgeous-Alexander, machaguo matano ya raundi ya kwanza, na haki ya kubadilishana zamu mara mbili. Moja ya machaguo hayo ndilo lililomleta Williams, wa 12 katika drafti ya 2022. Chet Holmgren, wa pili katika drafti hiyohiyo, alitokana na misimu ya kufungwa. Luguentz Dort hakuchaguliwa na timu yoyote. Alianza kwa mkataba wa njia mbili. Baada ya misimu miwili ya kushinda mechi chini ya 25 kila mmoja, timu hiyo ilitwaa ubingwa wa 2025 kwa kuifunga Indiana mechi nne kwa tatu.

Na hapa nyumbani?

City Oilers walitwaa ubingwa wa Uganda mara saba mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2019. Katika NBA, kuanzia 2019 hadi 2025, misimu saba ilitoa mabingwa saba tofauti: Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston na Oklahoma City. Tofauti hiyo ni ya sheria zaidi ya ubora. Ligi yetu haina drafti wala mistari ya mishahara, na klabu yenye ufadhili thabiti iliyoweza kuwaweka pamoja watu kama Jimmy Enabu chini ya kocha Mandy Juruni haikuwa na sababu ya kuvunjika.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka tuige kikomo cha Marekani. Kikomo kinafanya kazi mahali ambapo kuna mapato ya pamoja ya kugawana, na ambapo hata timu dhaifu inaweza kulifikia dari. Kwetu klabu moja inategemea mfadhili mmoja, nyingine, kama UCU Canons ya Mukono, huvutia vijana kwa kuwa ni chuo kikuu. Tatizo letu liko sakafuni: kumhakikishia mchezaji malipo yake kwa wakati. Dari tutalijadili baadaye.

Kinachotuhusu moja kwa moja ni sheria za idadi. Ligi ya Afrika, BAL, iliyoanza mwaka 2021 kwa ushirikiano wa NBA na FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, katika msimu wake wa kwanza iliruhusu kila klabu wachezaji wa kigeni wasiozidi wanne, na wasiozidi wawili kati yao kutoka nje ya Afrika. Ndiyo maana Oilers walipofuzu mwaka 2023 na kwenda Cairo, shabiki wa Lugogo aliona sura ambazo hakuzizoea. Silverbacks nao wana sharti gumu zaidi: FIBA huruhusu mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Watu wengi hawajui kwamba sharti hilo humgusa hata mtoto wa Waganda aliyezaliwa ng'ambo, akiwa na haki ya uraia tangu siku ya kwanza, iwapo hakuidai haki hiyo kabla ya umri huo. Kila mara jina jipya kutoka Marekani linapotajwa na watu wakauliza kwa nini kocha hamwiti pamoja na fulani, jibu mara nyingi liko kwenye tarehe ya pasipoti.

Tukirudi kwa mabingwa wa 2025, hesabu iliyoikuta Boston imeanza kuwasogelea. Julai 2025 Gilgeous-Alexander alisaini nyongeza ya miaka minne ya dola milioni 285, Williams miaka mitano inayoweza kufika milioni 287, na Holmgren miaka mitano inayoweza kufika milioni 250. Mikataba ya Williams na Holmgren inaanza msimu wa 2026-27, na milioni 4.8 ya Williams haitaonekana tena. Kwa msimu huohuo timu iliwekewa hiari ya kuendelea au kutoendelea na mikataba ya Dort na Isaiah Hartenstein, watu wawili ambao bila ulinzi wao sidhani kombe lingefika Oklahoma. Kwa upande mwingine Presti bado ana ghala la machaguo ya miaka ijayo, na anaweza kuwapata vijana wengine wa mishahara midogo wa kujaza nafasi zao, kama watakuwa wazuri kiasi hicho.

Mimi ningembakisha Dort na kumtafutia Hartenstein mbadala wa bei nafuu, kwa sababu senta wa kudaka ribaundi hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko mlinzi anayeweza kumkaba nyota wa timu pinzani kwa dakika 30. Wapo watakaobisha.